Ndoo ya Bwawa la Nne

Si zamani, wala si mbali, wala si kwenu. Msije mkashtuka bure. Palikuwa na nchi iliyokata miti yake yote ukabaki mmoja, na huo mmoja ukatiwa ndani ya jumba la makumbusho, ukapewa askari wawili na uzio wa kamba nyekundu. Ndiyo nchi yangu. Siilaumu. Zipo nchi ambazo hazikubakiza hata huo mmoja.

Miti ilipokwisha, Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa, jambo lililotekelezwa kwa mafanikio makubwa kwa kuwa havikuwepo. Kisha ikatangaza Nishati Mpya. Kule kwenye tambarare ya magadi, mahali ambapo hata mbuzi alikuwa hapiti mpaka aswagwe, yakachimbwa mabwawa kumi na mawili, mapana kama viwanja vya mpira, kina chake kiunoni. Ndani yake ukamwagwa mwani. Si ule wa pwani wa kambakamba. Huu ni wa maji ya magadi, mdogo mno, jicho halioni mmoja mmoja, linaona ukijani tu kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Unakorogwa kutwa ili kila chembe ipate jua, unachujwa kwa kitambaa, unakaushwa, unafinyangwa vitofali. Kitofali kimoja kinachemsha sufuria moja ya uji. Kila nyumba ilipewa vitatu kwa siku. Tukaishi.

Mimi, Siwema, nilikuwa mkorogaji wa Bwawa la Nne. Kwa maandishi nilikuwa Msaidizi wa Mkorogaji, Daraja la Tatu. Mkorogaji mwenyewe alikuwa mpwa wa mtu fulani mjini na mpaka leo sijamtia machoni. Nilimaliza la saba, nikafaulu, nafasi hazikutosha, nikaambiwa nisubiri. Kusubiri nakuweza. Kila siku nilisimama ndani ya maji tangu jua linachomoza, kasia mkononi, mwanangu Sikujua mgongoni, miezi kumi, analala akisikiliza maji yanavyozunguka. Ukiyaangalia maji miaka mitatu yanakuzoea. Nilijua kwa harufu kwamba vidudu vinavyokula mwani vimeingia. Nilijua kwa povu kwamba kesho patakuwa na joto. Hayo hayakuwa na safu kwenye daftari la Serikali, kwa hiyo nilikaa nayo.

Bwawa la Tano lilikuwa la Bi Kidawa, mjane, mtu wa Bondeni. Mimi ni wa Kilimani. Kwetu, watu wa Bondeni na wa Kilimani ni watani tangu mababu zetu walipopigana wakachoka. Maana yake ana ruhusa ya kunitukana, nami nina ruhusa ya kumtukana, na atakayenuna anatozwa faini. Kati ya bwawa lake na langu palikuwa na tuta jembamba, na matusi yalipita juu yake kutwa kama ndege.

"We mtumwa wangu wa Kilimani!" ananianza asubuhi. "Hujazama tu mpaka leo?"

"Nitazama saa ngapi, bibi, na vyura wote wako kwako wanakuamkia shangazi?"

"Nikifa ni wewe utakayenililia. Na usije na hivyo visauti vya panya. Ulie kama mtu aliyeshiba!"

"Ukifa nitalala njiani mbele ya jeneza lako. Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe mbuzi."

"Mbuzi! Utampika kwa nini, kwa macho?"

Sijatunga mambo ya jeneza. Ndiyo mila. Katika msiba, mtani hulizuia jeneza, humwigiza marehemu, humwambia mgeni yeyote neno lolote, awe mkubwa namna gani, na maiti haiteremshwi mpaka mtani apewe anachodai. Katiba yetu imerekebishwa mara kumi na tisa, na kila mara kikaondolewa kifungu kimoja kilichomruhusu mtu kusema kweli. Utani haukuwa kwenye Katiba, ndiyo maana hawakukumbuka kuuondoa.

*

Mwaka wa tatu ikaja mashine ya kusoma vinasaba. Hotuba za kuipokea zilichukua saa nne. Ilipowashwa, umeme wa wilaya nzima ulikatika, na Mheshimiwa Ngonyeka, Waziri wa Nishati na Subira, akasema hiyo ni dalili kwamba mashine ina nguvu. Tulipiga makofi.

Mwenye kuitumia alikuwa Daktari Lwitiko, kijana mwembamba aliyevaa viatu vya mjini vilivyokuwa vinakwama kwenye matope, akivichomoa anavitazama kama vimemsaliti. Alikuja kuchota maji kwenye kila bwawa, kichupa kimoja kimoja, akaandika namba. Waliomtangulia kuja kupima walichota wakaenda. Yeye alisimama tutani akaniuliza naona nini.

"Naona mwani unaelekea kuchoka kule kwenye pembe," nikamwambia. "Kesho kutwa utapona. Huu wangu haukai na ugonjwa. Ile mvua ya mawe, na lile joto la mwaka juzi, mabwawa yote yalipauka, huu ukakaa."

"Dada Siwema," akasema, "kila chenye uhai kina maandishi ndani yake. Mahindi yana yake, wewe una yako, mwani una ya kwake. Yanaagiza: kua hivi, vumilia hiki, ukikutana na kile ufe. Mimi nikiyasoma nitajua mwani wa kupanda bila kungoja misimu kumi nione upi umesalia."

"Na mimi nilivyoingoja hiyo misimu?"

"Wewe unajua upi unafaa. Mimi nitajua kwa nini."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba najua. Siku hiyo nilikoroga mpaka jua likazama.

Wiki tatu baadaye alikuja mbio na makaratasi, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki kwenye matope.

"Ni la Nne!" akapiga kelele. "Bwawa la Nne! Mwani wako una vinasaba vinavyoukinga na joto, na una mafuta karibu mara mbili ya mwingine. Kitofali chake kitawaka muda mrefu. Kiangazi kinachokuja kitakuwa kikali, Dada Siwema, huu mwingine hautafika mwisho wake. Tukiugawa wako sasa, mabwawa yote kumi na mawili, wiki nne zinatosha."

Bi Kidawa akasimamisha kasia lake. "Yaani niletewe mwani wa Kilimani ndani ya bwawa langu? Uje na adabu zake!"

"Basi tugawe," nikasema mimi. Ndoo nilikuwa nimeshaishika.

"Lazima kwanza niandike ripoti."

"Ukishaandika?"

"Wataisoma."

Nikaiweka ndoo chini.

*

Waliisoma. Ikaundwa Kamati ya Kuoanisha Matokeo, wakaja wajumbe kumi na mmoja, wakaketi kwenye mahema kando ya bwawa langu kwa sababu upepo wake ulikuwa mzuri. Mimi niliendelea kukoroga. Mtu aliye ndani ya maji haonekani.

"Daktari," Mheshimiwa Ngonyeka akaanza, "sayansi tunaiheshimu. Lakini sayansi nayo ina wakubwa zake. Siku ya uzinduzi, Baba Mlezi wa Taifa alitia kidole kwenye bwawa lipi?"

"La Kwanza, Mheshimiwa."

"La Kwanza. Na wewe unatuandikia kwamba bora ni la Nne. Je, unasema kidole cha Baba Mlezi hakikuwa na athari?"

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa."

"Mwandishi, andika: Daktari amekana kusema kwamba kidole hakikuwa na athari. Kwa hiyo kilikuwa nayo. Kwa hiyo matokeo ya la Nne ni ya la Kwanza, yalipotea njia tu. Yarudishwe kwao."

"Mheshimiwa, vinasaba havihami kwa kubadilishiwa karatasi. Mwani wa Bwawa la Kwanza ndio dhaifu kuliko yote. Likija joto..."

"Joto litakuja kwa kibali cha nani?"

Wajumbe wakacheka kwa zamu, kufuata vyeo. Kisha vibandiko vya namba kwenye vichupa vikabanduliwa, cha Nne kikapewa Kwanza, cha Kwanza kikapewa Nne, na karatasi ikawa sawasawa. Kilichobaki na makosa ni maji tu. Ikatoka amri: mabwawa yote yamwagwe, yajazwe mbegu ya Bwawa la Kwanza, itakayojulikana kama Mbegu Bora ya Kidole. Mwani wowote mwingine, hata wa kikombe, ni uhujumu.

Daktari Lwitiko alipandishwa cheo papo hapo, akawa Mkurugenzi wa Ule Mti. Alipita tutani kuaga, viatu vyote viwili mkononi. Askari walikuwa nyuma yake, hakuweza kusema mengi.

"Dada," akanong'ona, "ndoo."

Nilikuwa nimeshaijaza.

*

Kitu chochote unaweza kukificha gizani. Bunduki utaificha, mchumba utamficha. Mwani ukiuficha gizani unakufa. Lazima uufiche juani, peupe, mbele za watu, na uukoroge. Siku mbili za kwanza nilizunguka na ile ndoo uani kama kuku anayetaka kutaga. Kila nilipoiweka palikuwa na jua, na palipokuwa na jua palikuwa na mtu.

Bi Kidawa ndiye aliyepata akili. "Watu wa Kilimani bwana, mmeumbwa jioni, mwishomwisho. Sare yako ya kazi rangi gani?"

"Kijani."

"Na ya kila mtu nchi hii?"

"Kijani."

"Sasa mtu anafuaje nguo ya kijani?"

Ikawa kila asubuhi namimina ndoo kwenye karai kubwa pale tutani, natumbukiza sare humo, nakaa nafua. Jua likichwa, narudisha ndooni. Nilifua sare moja miezi minne. Mkaguzi wa Usafi na Uaminifu alipita mara moja, akasimama.

"Nini hicho?"

"Sare, afande. Inachuja."

Akakunja uso. "Rangi ya Taifa haichuji."

"Haichuji, afande," Bi Kidawa akadakia. "Hiyo inafurahi tu."

Mkaguzi akafikiri. "Basi iache ifurahi," akasema, akaenda zake.

Niliandika barua kuomba bwawa, lolote, hata nusu, nilikoroge mwenyewe bila mshahara. Nikajibiwa kwamba mabwawa yote yamejaa Mbegu Bora na yanakua kwa kasi ya kuridhisha. Wakati huo nilikuwa nayaona. Joto lilikuwa limeshafika, bila kibali.

Bwawa la Kwanza lilipauka siku ya tisa. La Pili na la Tatu yakafuata. Kila mkorogaji alikuwa na kadi ya rangi kutoka wizarani, vijani saba, kutoka Kijani cha Ushindi mpaka Kijani Kichanga, na kila jioni unalinganisha maji na kadi, unaandika namba. Maji yalipokuwa ya manjano tukaletewa kadi mpya yenye vijani tisa. Yalipokuwa meupe tukaletewa yenye vijani kumi, na cha kumi kilikuwa karatasi tupu, kimeandikwa chini yake: Kijani cha Uvumilivu. Nikaandika kumi. Kila jioni, kumi. Redio ikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia mabwawa yote yamepata kumi.

Vitofali vikawa viwili kwa nyumba. Kikawa kimoja. Ikawa nusu, halafu ikagawiwa picha ya kitofali, ya rangi, ubandike jikoni. Watu walikoroga unga kwenye maji baridi wakameza. Maharage yalilowekwa siku tatu yakatafunwa, na usiku hakuna aliyelala kwa matumbo. Maji ya kunywa yalikuwa ya mtaro. Kabla hujayachemsha yana wanyama wake, tuliwajua wote. Watoto wa kambi yetu ya wakorogaji wakaanza kuharisha. Mtoto wa jirani yangu wa kushoto akaenda Jumatatu, wa kulia akaenda Alhamisi. Wizara ikatuma risala ikisema wamekuwa wepesi kwa ajili ya Taifa.

Sikujua hakuharisha. Kila asubuhi Bi Kidawa alinitupia kitofali kimoja juu ya tuta.

"Shika, mtumwa! Sisi wa Bondeni hatupendi moto, unatuharibia ngozi."

"Unavitoa wapi, bibi?"

"Nilikuwa naviba tangu mwaka wa kwanza. Ulidhani nyumba yangu inanuka vyura bure?"

Nilicheka. Nikachemsha maji ya mtoto, nikapoza, nikamnywesha kwa kikombe chake cha bati. Naye alikunywa akakohoa akataka tena. Mimi ninayejua bwawa linaumwa kwa harufu, nilikuwa naangalia karai na naangalia mtoto; Bi Kidawa sikumwangalia. Alikuwa haibi kitu. Vilikuwa ni vitofali vyake mwenyewe vya mgawo, ameviweka akiba tangu vilipoanza kupungua, na yeye anakunywa ya mtaro.

Siku moja hakunitukana. Nikangoja hadi saa mbili, saa tatu, tusi halikuja. Nikaruka tuta, nikaenda nyumbani kwake.

Alikuwa amelala mkekani, amekauka kama chujio. Akafungua jicho moja.

"Karai," akasema. "Jua limeshatoka. Umeacha karai unakuja kuangalia maiti?"

"Ngoja nikuchemshie maji, bibi."

"Kwa nini? Kwa macho?"

Alifariki kesho yake adhuhuri. Pembeni ya mkeka palikuwa na vitofali vinne, vimefungwa kwenye kitambaa cha kuchujia.

*

Mheshimiwa Ngonyeka alikuja mazikoni kwa sababu mbili. Naye ni mtu wa Bondeni, na palikuwa na kamera. Taarifa ya wizara ilisema marehemu alikufa kwa shibe. Jeneza likabebwa, watu wa kambi nyuma yake, wamekonda wote hata vivuli vyao vilikuwa vyembamba. Walipofika kwenye njia kati ya mabwawa, nikalala chini.

Wabebaji wakasimama. Askari wakasogea. Mzee mmoja wa Bondeni akawazuia: "Mwacheni. Mtani huyo."

Nilikuwa nimengoja miezi minne, mwili hauna nguvu, lakini neno nilikuwa nalo, na mlango wenyewe uliobaki nchi nzima ulikuwa huu. Nikainuka, nikajifunga kanga yake kiunoni, nikachukua kasia lake, nikasimama nimeinamisha mgongo kama yeye.

"Enyi watumwa wangu!" nikasema kwa sauti ya Bi Kidawa. Watu wakaguna, maana ilikuwa yeye. "Mnanipeleka wapi na njaa? Eti nimekufa kwa shibe! Aliyeandika hivyo aje anuse mdomo wangu. Nimekufa kwa maji ya mtaro! Na yule pale mwenye tumbo, mtoto wa Bondeni, Ngonyeka, mbona umejificha nyuma ya miwani? Njoo mtumwa wangu!"

Mheshimiwa akavua miwani. Nikaona midomo yake inacheza. Akaangua kicheko. Na alipocheka yeye, wote wakaruhusiwa.

"Mabwawa yamekufa!" nikasema. "Yote! Hicho cha kumi si kijani, ni sanda! Daktari alikwambia la Nne, ukabandua vibandiko kama mtoto anayeiba pipi. Kidole! Kidole kingekuwa na dawa ungetiwa wewe kichwani!"

"Mama yangu!" Mheshimiwa akashika mbavu. Machozi yalimtoka. Wajumbe wa Kamati walikuwa wanashikana mabega. Hata watu wa kambi, Mungu atusamehe, walicheka, maana hawakuwa wamecheka tangu kiangazi kianze. "Watu wa Kilimani! Endelea, endelea, mtani!"

Nikaendelea. Nilitaja watoto kwa majina. Wakacheka kidogo kidogo sasa, wakifuta macho. Nilikuwa nimesema kila kitu, wala hapakuwa na mtu aliyesikia.

"Jeneza halipiti," nikasema mwisho, kwa sauti yangu, "mpaka nipewe bwawa."

"Bwawa! Wenzio wanadai mbuzi. Lipi, mtani wangu?"

"La Kwanza."

Kicheko kikakatika. Mheshimiwa akatazama kamera, akatazama jeneza, jua lilikuwa kali na maiti haingoji. Mila ni mila. Akarusha mkono.

"Chukua! Kwani lina nini?"

Nikakimbia nyumbani, nikarudi na ndoo kichwani, Sikujua mgongoni, nikaimimina yote kwenye Bwawa la Kwanza mbele za watu. Maji meupe yakapata doa dogo la kijani, kama mtu aliyedondosha kitambaa.

"Anamwagia bwawa maji!" Mheshimiwa akapiga kelele, na kicheko kikamrudia upya.

Tukamzika. Nilimlilia kama mtu aliyeshiba.

*

Nilikoroga siku kumi na tisa. Hakuna aliyenifukuza, kwa kuwa nilikuwa kichekesho, na kichekesho hakihitaji kibali. Doa likawa mkeka, mkeka ukawa kiwanja. Siku ya ishirini nilichukua kadi ya rangi, nikalinganisha: Kijani cha Ushindi. Tukachuja, tukakausha. Jioni ile kila nyumba ya kambi ilipata kitofali, na moshi ukapanda, moshi mnene wenye harufu ya samaki, watu wakatoka nje kuutazama kama mwezi wa Idi. Nilisikia vijiko vikigonga masufuria. Wiki mbili nzima hakuzikwa mtoto.

Mjini nako nilikuwa nimepanda. Picha ya mazishi ilipendwa, Baba Mlezi mwenyewe alicheka, ikasemekana, mpaka akaomba maji. Nikaletewa cheti: Mtani wa Taifa. Kila Jumamosi inakuja kamera tutani, natakiwa kusema. Nikasema. Nilisema wagawe mwani huu mabwawa yote, wiki nne zinatosha. Nchi nzima ilicheka.

Kisha wizara ikataka kumwonyesha Baba Mlezi ushahidi wa kisayansi wa kidole chake. Mashine ikawashwa tena, umeme ukakatika tena. Wakachota Bwawa la Kwanza, wakasoma vinasaba, wakalinganisha na ripoti ya Serikali. Ikalingana. Kila herufi.

Kamati nzima ilitokwa jasho.

"Haijawahi kutokea," Mheshimiwa Ngonyeka alisema, na safari hii hakuwa anacheka. Nilikuwa ndani ya maji, hakuniona. "Miaka yote ya Serikali hii, lini hali halisi imelingana na ripoti? Lini? Hapa pana mkono wa mtu. Hii ni hujuma ya wazi. Limwagwe, tuchunguze chini yake kuna nini."

Nikatoka majini mbio. Fundi alikuwa ameshainamia lango la maji na bomba la chuma la kuzungushia gurudumu. Nikalikumbatia gurudumu.

"Msifungue! Jamani, huu ndio mwani pekee ulio hai nchi nzima! Mkiumwaga hakuna mwingine! Watoto watarudi kwenye mtaro!"

Fundi akanitambua. Uso wake ukachanua. "Ee! Ni yeye! Wa Jumamosi!"

Askari wakaja, tayari wanatabasamu. Wajumbe wakasogea wasikose. Mtu akaitia mashine ya kamera begani.

"Mheshimiwa, nakuomba," nikasema. Nilipiga magoti. "Mwanangu yuko hapa mgongoni. Mtazame. Nakuomba, sitanii."

Wakaanguka kwa kicheko. Naona bado walivyoanguka, mmoja juu ya mwingine. "Eti hatanii!" Mheshimiwa alikuwa anapiga paja. "Mtani, utatuua!" Fundi alikuwa anafuta machozi kwa kiwiko huku mkono wa pili unazungusha, na wakanibandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, kama unavyombandua mtoto anayecheza. Maji yakaondoka. Yalichukua muda wa hotuba fupi. Kijani chote kikaenda kwenye magadi, kikakauka, jioni kilikuwa unga, na upepo ukaondoka nao.

Walipokwisha kwenda nilibaki nimekaa kwenye matope makavu. Gauni langu la sare lilikuwa limelowa toka kiunoni. Nikavua kikombe cha bati shingoni kwa Sikujua, nikakamua pindo juu yake. Nikalikamua tena, kwa meno. Yalitoka maji ya kufunika kitako cha kikombe, nikayaongezea ya chumvichumvi niliyoyakuta kwenye unyayo.

Kikombe kiko hapa tutani, juani, peupe. Nakikoroga kwa kijiti. Sijui kama kina uhai. Juzi kilionekana kama kimepauka, leo sina hakika. Wapitao wananitambua, wanasimama, wananiuliza nafanya nini, nami nawaambia yote haya kama nilivyokwambia wewe, na wote wanacheka.

Cheka na wewe. Ila sogea kidogo huko, unakizibia jua.